Mwanangu ananiaga anaenda kanisani, kumbe anaenda kuskeiti. Hii ni huduma au ni chambo?

#1 Mama Neema
Habari za humu. Nipo Boise, jimbo la Idaho, mwaka wa 6 sasa. Nina kijana wa miaka 14. Kwa miezi mitatu kila Jumatano jioni ananiaga, "Mama, naenda kanisani." Mimi moyo mweupe, nikajua maombi yamejibiwa, maana Jumapili kumtoa kitandani ni vita.

Wiki iliyopita nikampitia mapema. Nakuta ukumbi una rampu za mbao (miteremko ya kurukia), vijana kama 40 wanaruka na skeitibodi, zile mbao za magurudumu, muziki juu, mmoja kalala chini kashika goti anacheka. Nikamwuliza mzee aliyekaa mlangoni, kanisa liko wapi? Akanijibu, ndiyo hili.

Baadaye muziki ukazimwa. Wote wakakaa kila mtu juu ya ubao wake. Jamaa mwenye michoro mkono mzima akafungua Biblia, akaongea kama dakika 20, akaomba, muziki ukarudi. Basi, hiyo ndiyo ibada. Nilipofika nyumbani nikaitafuta ile karatasi niliyosaini mwanzoni bila kusoma. Kumbe nilikubali kwamba akivunjika mguu sitawadai!

Sasa naombeni mnisaidie. Huyu mtoto anamfuata Mungu au anafuata rampu?

#2 Kijana wa Ukonga
Nimevuta kigoda. Wajuzi njooni.

#3 Mzee wa Kwaya
Mama, jibu unalo mwenyewe ila unataka tukubembeleze. Hicho ni chambo. Soma Yohana 6:26, Bwana mwenyewe aliwaambia makutano kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Zima rampu Jumatano mbili, uhesabu wanaobaki kwenye neno. Sisi tulikuwa tunatembea maili 4 kwenda mazoezi ya kwaya na hakuna aliyetuwekea bembea.

#4 Mtoto wa Parokia
Mzee wa Kwaya, salamu zako nimezipokea, ila kwa hesabu hiyo umemtoa mtakatifu mzima mbinguni. Yohane Bosko, aliyezaliwa 1815 kule Italia, alipokuwa mtoto aliwatazama wanasarakasi wa magulioni hadi akajua kutembea juu ya kamba na kufanya viini macho. Akawa anakusanya watoto wa kijijini na kuwaonyesha. Kiingilio unakijua? Kusali rozari, halafu kusikiliza mahubiri ya Jumapili aliyoyakariri. Asiyesali haoni kamba ikipandwa. Hiyo ina tofauti gani na dakika 20 za huyo jamaa wa michoro? Kanisa lilimtangaza mtakatifu 1934, na Wasalesiani, shirika aliloanzisha, wako Afrika Mashariki tangu 1980. Waulize vijana wa Dodoma waliojifunza ufundi kwao.

#5 Mzee wa Kwaya
Rozari KWANZA, kamba baadaye. Huko Boise ni rampu kwanza. Usinichanganyie mpangilio.

#6 Mtoto wa Parokia
Hahaha, haya mzee. Kwa hiyo tatizo lako ni ratiba.

#7 fundi_mbao
Naomba niongee kama mtu anayeskeiti, maana naona mnajadili dini tu na ubao mmeusahau.

Magurudumu ya skeitibodi ni madogo na magumu. Kokoto moja inakutupa. Unahitaji zege laini, pana, lisilo na magari, na lisilo na mlinzi. Hiki cha mwisho ndicho hakipatikani popote duniani. Mimi nilianza Dar, 2012, na watu niliowafahamu kwa majina kuliko wote mjini walikuwa walinzi wa majengo. Huko Marekani ndiyo kabisa, wanapigilia vyuma kwenye kingo za ngazi na mabenchi ili ubao usipite.

Sasa fikirini, ni nani mjini ana eneo kubwa la maegesho lenye zege safi ambalo Jumatatu hadi Jumamosi liko tupu? Kanisa. Skatechurch ya Portland ilianza hivyo hivyo mwaka 1987, kwenye maegesho ya Central Bible Church. Waanzilishi, Paul Anderson na Clint Bidleman, walikuwa waskeiti wenyewe. Utaratibu wao ndio huo Mama Neema aliouona: unaskeiti bure, katikati unakaa unasikiliza Injili, unaendelea. Kwa hiyo mimi nasema siri ni zege. Wa kwanza kuacha kuwafukuza hao vijana ndiye waliyemsikiliza.

#8 Chukudu
Mimi niko Portland huku na sijawahi kuiona hiyo Skatechurch. Miaka 5 niko hapa, baridi inatuua, batoto wanacheza mpira wa kikapu tu.

#9 fundi_mbao
Chukudu, uko Portland ya Maine au ya Oregon?

#10 Chukudu
Maine.

#11 Kijana wa Ukonga
😂😂 Ndugu yangu uko bahari ya mashariki, kanisa liko upande wa magharibi. Utatembea miezi.

#12 Chukudu
Sawa, mmenicheka. Lakini niwaambie, kwetu Goma kuteleza juu ya mbao hatukufundishwa na Mmarekani. Tuna chukudu, kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala injini, inabeba magunia ya viazi inashuka kilima, na mjini tumeijengea sanamu kabisa. Sisi watoto tulikuwa tunajitengenezea ndogo kwa beringi za gari. Padri wetu alikuwa anatufukuza uwanja wa parokia sababu ya kelele wakati wa misa. Kama angetuambia "kaeni dakika 20 halafu mwendelee", leo pengine mimi ni katekista.

#13 Dada wa Pwani
Mie Mwislamu, nipo Tanga, nimepita tu lakini uzi umenoga. Mnapigana kuhusu chambo kama vile ni jambo geni. Pilau ya maulidi imewaleta wangapi? Dufu na kaswida je? Mtoto wangu wa kiume alianza madrasa ya jirani kwa sababu ya kwenda ziara na basi, leo amefika juzuu ya 7. Na wengine walioanza naye kwa sababu ya basi waliishia kwenye basi. Hakuna kanuni.

#14 Mzee wa Kwaya
Dada wa Pwani karibu sana. Umesema kweli hapo kwenye "waliishia kwenye basi".

#15 Nyikani
fundi_mbao umeeleza vizuri ila zege peke yake halitoshi. Kuna jambo la watu. Hii huduma Marekani haikupelekwa na wachungaji waliojifunza kuskeiti. Ilibebwa na waskeiti walioharibikiwa, wakarudi wakiwa wachungaji.

Mkubwa wao kwa umaarufu ni Christian Hosoi. Miaka ya 80 yeye na Tony Hawk ndio walikuwa mafahali wawili. Pesa, magari, sherehe, halafu dawa za kulevya. Mashindano makubwa ya kwanza ya michezo ya hatari yalipofanyika kule Rhode Island 1995, yeye hakutokea, kulikuwa na hati ya kumkamata. Januari 2000 akakamatwa uwanja wa ndege wa Honolulu na dawa, akafungwa hadi 2004. Akaokoka gerezani. Baadaye akawa mchungaji kwenye kanisa la The Sanctuary huko California, ambalo mchungaji wake mkuu Jay Haizlip naye aliskeiti kulipwa. Na ndiye aliyebuni ule mruko wa kunyoosha mikono kama msalaba angani, Christ Air, kumtukuza Bwana aliyemtoa gerezani.

#16 fundi_mbao
Nyikani, yote sawa isipokuwa mwisho. Christ Air ni ya miaka ya 80, wakati jamaa yuko kwenye sherehe zake. Aliruka kama msalaba zaidi ya miaka 10 kabla ya kumjua aliyekufa msalabani.

#17 Nyikani
Aisee. Nimekubali, nilisikia vibaya. Lakini hapo si ndiyo imekuwa tamu zaidi?

#18 Mzee wa Kwaya
Haijawa tamu. Imekuwa jina la biashara lililopata maana baadaye. Hata hivyo huyo Hosoi nampa heshima, kifungo si mchezo.

#19 Nyikani
Ongeza na Eddie Elguera. Bingwa wa 1979 na 1980, ana mruko unaoitwa kwa jina lake, Elguerial. Naye mchungaji. Na Brian Sumner, mzaliwa wa Liverpool, alienda Marekani kuskeiti, leo anahubiri. Wako wengi mno kuwa bahati tu. Mimi nadhani ni mchezo wenyewe. Mtu aliyeanguka mara 200 akitafuta mruko mmoja, ukimwambia habari ya kuanguka na kuinuka hahitaji tafsiri.

#20 Binti Kitintale
Nyikani nakupinga kidogo. Niko Kampala. Kitintale kuna uwanja wa skeiti, wa kwanza Uganda, vijana wa mtaani waliujenga wenyewe katikati ya miaka ya 2000 wakisaidiana na marafiki wachache kutoka nje. Hakuna kanisa lililouanzisha. Mdogo wangu amekulia pale. Wameanguka mara 200 wote, na hakuna aliyekuwa mchungaji kwa sababu ya kuanguka. Kilichowaweka pale ni wao kwa wao. Mtoto asipoonekana siku tatu, wenzake wanaenda kwao kuuliza.

Nairobi pia, pale Shangilia, Kangemi, nyumba ya watoto waliotoka mitaani, uwanja wao wa zege ulijengwa 2013 kwa msaada wa shirika la skate-aid la Ujerumani. Hakuna mahubiri katikati ya mchezo na watoto wanakuja vilevile. Kwa hiyo hicho mnachokiita matunda ya huduma, mimi naona ni matunda ya kundi.

#21 Otieno wa Mtaa
Binti Kitintale umegonga penyewe. Hapa Nairobi Jumapili katikati ya jiji unakuta watoto wa viatu vya magurudumu wamejaa, saa ya ibada, na hakuna aliyewapangia. Lakini wadau, hamjajibu swali la mama. Yeye hakuuliza kwa nini watoto wanaenda. Aliuliza mtoto wake anafuata nini.

#22 Msomaji Kimya
Nimekuwa nasoma tu, hili limenifanya niingie.

Kanisa kucheza na vijana ni jambo la zamani. Mpira wa kikapu wenyewe ulibuniwa 1891 ndani ya chuo cha YMCA (chama cha vijana wa Kikristo), Springfield, Marekani, kwa vikapu vya matunda vilivyopigiliwa ukutani, kusudi vijana wawe na la kufanya majira ya baridi. Wavu (voliboli) miaka 4 baadaye, YMCA hiyohiyo, mji wa jirani, Holyoke. Wamarekani waliianzisha YMCA kwa ajili ya vijana wao wa mjini, na leo dunia nzima inadunda mpira bila kukumbuka kwamba lengo lilikuwa Biblia. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi na skeiti. Mchezo unaishi, ujumbe unadondoka njiani.

#23 Mtoto wa Parokia
Masahihisho mawili kwa upendo. YMCA ilianzishwa London, 1844, na George Williams. Na Naismith aliyebuni kikapu alikuwa Mkanada.

#24 Msomaji Kimya
Ahsante. Ndiyo maana huwa nasoma tu.

#25 Kijana wa Ukonga
😂 Rudi tu, tumekuzoea.

#26 Kasisi Mstaafu
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nilihudumu nyanda za juu kusini miaka mingi na nina kisa kinachohusu.

Mwaka 1998 tulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, mshirika wetu, akaanzisha timu ya mpira ya kanisa. Alinunua mpira mmoja kwa mshahara wake. Sharti lilikuwa moja, kila mazoezi yanaanza kwa mstari wa Biblia na kuisha kwa sala. Ndani ya mwaka tulikuwa na vijana 60, wengine wa dhehebu lingine, wengine hawana lolote. Nilipeleka taarifa dayosisi kwa majivuno makubwa. Nikaandika neno "uamsho".

2000 mwalimu akapata uhamisho. Mpira ulibaki, jezi zikabaki, mstari wa Biblia ukabaki, mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nausoma. Ndani ya miezi minne walibaki 9. Kisha 2. Mmoja leo anapiga gitaa la besi kwenye kwaya, mwingine ni dereva wa bodaboda na akinikuta njiani hakubali nilipe.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba waliondoka kwa sababu ya mimi kutojua mpira. Baadaye nikamwuliza yule wa bodaboda. Akaniambia mwalimu alikuwa anajua nani hajala. Kwa hiyo mimi nikisikia zege, sijui kuanguka mara 200, sijui rozari kwanza, huwa natazama tu ni nani amesimama mlangoni. Mama Neema, yule mzee aliyekujibu "ndiyo hili" ni nani? Anaijua hali ya mwanao?

#27 Mzee wa Kwaya
Kasisi, shikamoo. Lakini kwa maelezo yako, waliomfuata mwalimu walimfuata mwalimu. Kristo hapo yuko wapi? Umenisaidia hoja yangu.

#28 Kasisi Mstaafu
Marahaba. Inawezekana. Na yule wa gitaa?

#29 Mzee wa Kwaya
Mpiga besi mmoja kati ya 60.

#30 Dada wa Pwani
Mzee wa Kwaya wewe ungempata huyo mpiga besi kwenye kwaya yako ungekataa? 😄

#31 Mzee wa Kwaya
Wapiga besi ni adimu, sitasema uongo.

#32 Otieno wa Mtaa
Naongeza kuni. Kule Hispania, mji wa Llanera, kuna kanisa la Mtakatifu Barbara la 1912 lililokuwa limeachwa. Vijana wakaligeuza uwanja wa skeiti wa ndani, na 2015 msanii Okuda San Miguel akalipaka rangi zote za upinde wa mvua. Arnhem, Uholanzi, nako kanisa la Mtakatifu Yosefu liligeuzwa ukumbi wa skeiti. St. Louis, Marekani, walikuwa na la kwao, Mtakatifu Liborius, likaungua 2023. Kwa hiyo upande mmoja rampu inaingizwa kanisani ili watu waje, upande mwingine kanisa limekwisha watu ndipo rampu ikaingia. Ukipiga picha zote mbili, ni picha moja.

#33 Mtoto wa Parokia
Hii sasa umeniharibia chakula cha usiku.

#34 Nyikani
Brazil nao wana kanisa la Bola de Neve, maana yake donge la theluji, lilianzia São Paulo kwa watu wa kuteleza mawimbini. Mimbari yao ni ubao wa mawimbi, kwa sababu mwanzoni walikutana kwa muuzaji wa vifaa vya mchezo huo na hawakuwa na meza. Mzee wa Kwaya usizimie.

#35 Mzee wa Kwaya
Nimekaa chini tayari.

#36 Chukudu
Swali dogo nje ya mada. Skeitibodi huko ni bei gani? Huyu wangu wa miaka 9 amesoma huu uzi begani kwangu.

#37 fundi_mbao
Usimnunulie za dukani za watoto zenye picha za katuni, hizo beringi zake hazizunguki na mbao inapinda. Tafuta duka la waskeiti wenyewe, uulize ubao wa mti wa maple ambao matabaka yake 7 bado hayajaachana, hata uliotumika. Na kofia ngumu kabla ya ubao, si baada. Halafu uliza makanisa ya huko Maine, huenda yapo yenye ukumbi. Usivuke bara kwenda Oregon, hahaha. Na hata ukifika Oregon, chini ya daraja la Burnside kuna uwanja waliojijengea wenyewe bila kibali kuanzia 1990. Hakuna mahubiri, ila utaombea mifupa yako.

#38 Mama Neema
Nimesoma yote, ahsanteni.

Jumatano hii nilikwenda tena, nikakaa hadi mwisho kwenye kiti cha plastiki pembeni. Kasisi, nilimwuliza yule mzee wa mlangoni. Alikuwa fundi bomba, amestaafu, hajawahi kupanda skeiti. Kazi yake ni kufungua, kufunga, na kugawa barafu ya kukandia magoti. Aliniambia mwanangu hupenda kukaa karibu na dirisha kwa sababu huona aibu akianguka. Mimi mamaye sikuwa nalijua hilo.

Somo lilikuwa Petro kutembea juu ya maji. Njiani kijana akaniuliza, Petro alizama polepole au mara moja? Nikasema Biblia inasema alianza kuzama. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi alikuwa na muda wa kuruka pembeni." Sijui hayo nimweke fungu gani, la Mungu au la rampu.

Jambo lingine, kiatu chake cha kushoto kimeisha ubavuni, kimekatika kabisa, cha kulia kizima. Viatu vya miezi miwili! Anakanyaga nini?

#39 fundi_mbao
Anajifunza kuruka na ubao. Juu ya ubao kuna msasa, na ubavu wa mguu wa mbele ndio unaosugua kwenda juu. Kwa hiyo hongera, mtoto anafanya mazoezi kweli. Paka gundi ya viatu, ile nzito inayokauka kama mpira, sehemu iliyokatika, acha usiku mzima. Na kiatu kijacho kiwe cha suede, ile ngozi yenye vinyoya. Turubai haifiki mwezi.

#40 Mzee wa Kwaya
Mama Neema, viatu tumeelewa. Jumapili je, aliamka?

#41 Mama Neema
Aliamka saa 5.

Ibada huanza saa 4.